Treni Iliyoangukia Maharage ya Mama Furaha

Ninyi mnaobaki ofisini mmeniambia niandike kazi yangu ilivyokuwa, kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Waliosahau ni wale walioahidi. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza maketi, yaani mifano midogo ya vitu vikubwa ambavyo wakubwa walikuwa karibu kuvijenga: madaraja, masoko, hospitali, shule ya ghorofa. Nimeijenga Masisi yote, wilaya nzima ya vilima, kwa mianzi, karatasi na gundi. Mkiulizwa mbona huko nje havionekani, jibuni kwamba idara yetu ilimaliza sehemu yake.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vilivyong'arishwa na diplome ya useremala ndani ya bahasha. Papa Anselme, mzee wa Mushaki aliyeendesha karakana peke yake, hakuifungua bahasha. Alinipa njiti ya kiberiti na kisu.

"Chonga muntu," akasema.

Nikachonga hadi jasho likanitoka. Akamshika yule mtu wangu na kumgeuza mbele ya dirisha.

"Huyu muntu ataingia mu mulango gani?"

"Mlango bado, Papa."

"Basi huyu haiko muntu. Iko kamuti."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa na la mwisho nitakalowapa. Anza na mtu, halafu mlango wake, halafu nyumba yake, na kilima kije mwisho. Wahandisi huanza na kilima, ndiyo maana katika michoro yao watu hukosa pa kuingilia. Somo la pili lilikuwa kwamba usitengeneze mahali ambapo hujapakanyaga. Papa Anselme aliweza kutembea nusu siku kwenda kutazama mteremko ambao angeutengeneza kwa ukubwa wa kiganja.

Kuhusu vifaa, msidanganywe na katalogi za rangi mnazoangalia kwenye simu. Mifupa ya kilima ni mianzi iliyopasuliwa. Juu yake bandika magazeti ya zamani yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa muhogo. Yale yenye hotuba nyingi ndiyo hunyonya vizuri. Usisahau kuchanganya pilipili kwenye uji, la sivyo panya watakula usiku na asubuhi utaikuta Masisi ni tambarare. Rangi ya udongo huinunui. Chukua udongo wenyewe, mweusi wa Mushaki, mwekundu wa Walikale, uupepete kwa chujio la chai juu ya gundi mbichi. Nyasi ni unga wa mbao uliochemshwa na rangi ya kijani. Chujio lile mke wako atalitafuta nyumba nzima, nawe utamsaidia kulitafuta.

Ng'ombe ni shida ya peke yake. Masisi isiyo na ng'ombe hakuna atakayeiamini, na kila mkubwa alitaka wake wawe wanono kuliko wa jirani. Papa Anselme aliwatengeneza kwa nta ya mishumaa, wazuri mno, weusi kwa weupe. Siku moja tulitoa maketi ya soko uani, jua likawaka, na wageni walipomaliza hotuba zao kundi lote lilikuwa limelala chini likiwa limeshikana. Mheshimiwa mmoja alisema ni ugonjwa na akaahidi chanjo. Baada ya hapo nilitumia udongo wa mfinyanzi.

Papa Anselme alifariki tukiwa tumekimbia vita, kambini karibu na Sake, kwa homa wala si kwa risasi. Mfukoni mwake hatukukuta kitu ila kisu na watu wachache aliowachonga akiwa amelala. Nililia kwa sauti mbele za watu. Sioni kwa nini nifiche.

Sasa nije kwenye treni, maana najua ndiyo mliyokuwa mnaingojea.

Kulikuwa na Mheshimiwa ambaye simtaji jina, kila chama kina wa aina yake. Aliahidi reli. Ingetoka Sake, ipite Mushaki na Masisi, ishuke kwenye misitu ya Walikale, ipande mpaka Pinga. Njia hiyo ndiyo ile ambayo hata pikipiki ikifika abiria hushuka wakaisukuma, na wakichoka humlipa mtu awasaidie kusukuma. Mhandisi alitumwa kutoka Kinshasa kupima. Alifika Goma, mvua ikanyesha, akapima kwa rula akiwa hotelini. Mstari wake ulikuwa umenyooka vizuri sana. Ulipita juu ya vilima bila kuvisumbua.

Ofisi haikuwa na chumba chenye paa zima, kwa hiyo maketi ilijengwa sebuleni kwangu. Meza ilianzia dirishani na kuishia mlangoni. Watoto walifanyia kazi za shule chini ya kilima cha Masisi. Mke wangu, Mama Espérance, alikuwa akitua sufuria ya bugali juu ya msitu wa Walikale, na nilipogomba alinijibu, "Kule hakuna muntu." Nikamwambia ingekuwa vyema aende Kinshasa, angepata kazi wizarani.

Reli nilizitengeneza kwa mbavu za miavuli iliyovunjika, mataruma kwa njiti za kiberiti. Injini ilikuwa kopo la dagaa, na moyo wake mota ya redio ya kaseti. Ilipata nguvu kutoka kwenye betri ya pikipiki. Mota za kaseti zina haraka. Mara ya kwanza treni ilitoka Sake kwa mwendo wa motard, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeona mteja, ikapita Mushaki bila kusimama, ikaruka mezani na kuingia kwenye beseni la vyombo. Nikaiongezea uzito wa risasi za kuvulia samaki. Misitu ya Walikale niliitengeneza kwa yale majani laini yanayoota kwenye magogo. Nyumba zote zilipata milango. Niliweka mama anayeuza maziwa kando ya barabara, mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda, kanisa, na motard aliyelala juu ya pikipiki yake. Nisifiche, ilikuwa nzuri. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo ili niitazame peke yangu.

Habari ilienea na watu wakaanza kuja. Walikuja hata wa kutoka Pinga, kwa pikipiki, matope mpaka kifuani. Mzee wao alipima kwa mkono umbali kati ya Masisi na kwao.

"Kumbe Pinga iko karibu hivi?" akasema. "Aliyepima hii, bamupe ministère, wizara nzima."

Mwingine, wa Walikale, mkristo wa kila Jumapili lakini pia mtu wa mila za msitu, alizunguka meza, kisha akanivuta kando. Yale majani laini yalikuwa yameniishia na msitu wangu ulikuwa na kipara sehemu moja.

"Papa Valère, nani alikuonyesha ile fasi?"

"Mahali gani?"

"Usijifanye. Ile fasi hatuionyeshake bageni. Funika."

Nikafunika. Tangu siku hiyo watu wa Walikale waliniheshimu kuliko ninavyostahili, nami sikuona sababu ya kuwasumbua kwa maelezo.

Mnaona jambo lilivyokuwa. Huku kwetu mtu haoni serikali, haoni ramani, haoni reli. Anaona meza yangu. Kilichokuwa mezani kikawa ndicho kimeamuliwa. Watu waliniletea kuku ili niwasogeze karibu na reli, wengine kuku huyohuyo ili niwasogeze mbali. Mama Espérance aliwapokea kuku wote kwa adabu.

Mama Furaha alikuja bila kuku. Alikuwa mjane wa Mushaki, mwenye watoto wadogo na shamba la maharage chini ya kilima, karibu na kijito. Aliingia wakati ambapo nilikuwa nikijaribu treni, na wakati huohuo treni ikafika kwenye kona ya Mushaki, ikainama, ikaanguka. Ilikuwa kawaida yake. Mstari wa mhandisi ulikuwa na kona kali pale, na mbavu za mwavuli hazipendi kona. Kila mara treni iliangukia shambani, kwenye maharage niliyoyatengeneza kwa mbegu za lenga-lenga, mchicha wa kwetu.

Mama Furaha aliinama, akatazama nyumba ndogo, kijito, mawe matatu makubwa ya mpakani.

"Hii iko kwangu," akasema. "Na hii nyumba ya mabati mu katikati iko ya nani?"

"Iko gare, Mama. Fasi treni itasimama."

"Njo vile. Basi Shemeji Déo hakubeya bongo, hakudanganya."

Papa Déo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja wiki iliyotangulia. Alitazama maketi kwa muda mrefu, akanisifu ng'ombe, akaondoka. Alikwenda moja kwa moja kuita mkutano wa ukoo.

"Anasema shamba ilikuwa ya kaka yake, miye niko tu mulinzi," Mama Furaha akaniambia. "Anasema gare iko kitu ya kushikwa na mwanaume. Siku ya posho, Jumamosi, Honorable akikuya kukata ruban, yeye Déo atasimama karibu ya gare, baandike jina yake. Famille imekubali. Wakati ilikuwa fasi ya maharagi, hakuna mwanaume aliionaka. Saa hii ya gare, wote banaiona."

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Neno halikuharibika, lililoharibika ni shamba la mjane.

"Mama," nikamwambia, "miye nafwataka plan. Plan iko na signature."

"Signature mi naona. Lakini miye na batoto tunakulaka maharagi."

Hakulia wala hakunipigia magoti. Aliiokota treni kutoka shambani kwake, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akairudisha kwenye reli kwa uangalifu, akaenda. Nilibaki nimesimama pale na aibu ambayo haikuwa yangu, lakini iliniingia.

Jioni Mama Espérance alinipa chakula na hakukaa. Alipokaa ilikuwa kusema hili tu: "Unaogopa mustari ya crayon, Papa? Ile muntu alichora hata hajavaaka bote, viatu ya matope."

Nilichukua pikipiki kwenda Mushaki. Nilisimama kwenye shamba la Mama Furaha kama Papa Anselme alivyonifundisha, nikasubiri miguu iniambie. Miguu iliniambia kwamba inazama. Maji yalikuwa yakitokeza chini ya kilima. Maharage yalipenda, treni isingependa. Nikatazama ng'ambo ya kijito. Kulikuwa na malisho tambarare, makavu, mapana, yenye nyasi nzuri na ng'ombe wa kunona. Nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza viazi barabarani ni malisho ya nani.

"Ya Papa Déo," akasema. "Iko fasi ya muzuri kuliko zote."

Nikakubaliana naye kabisa.

Mniruhusu nieleze namna ya kuhamisha stesheni, maana haimo katika mafunzo yenu. Usiing'oe. Chemsha maji, chovya kitambaa, kilaze juu ya gundi mpaka ilainike, kisha pitisha kisu cha jikoni polepole, kisu chembamba cha kukatia jibini. Stesheni ilitoka nzima. Mahali pake palibaki alama ya mraba, nikapajaza lenga-lenga. Reli niliivusha kijito mapema zaidi, kona ikawa pana, mbavu za mwavuli zikatulia. Nikaipandisha treni. Ilipita Mushaki ikisimama mbele ya stesheni mpya kwenye malisho ya Papa Déo, ikaendelea hadi Pinga bila kuanguka hata mara moja. Mama Espérance alipiga vigelegele kutoka jikoni, ingawa alikuwa amesema hataki kusikia habari za treni nyumbani mwake.

Nilifurahi, lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Mhandisi angekuwapo na ramani yake. Angeweza kunifukuza pale pale, stesheni ikarudi kwenye maharage, na Mama Furaha akarudi kwa wazazi wake na watoto bila kitu cha kupanda.

Jumamosi Mheshimiwa na watu wake wakaja. Sebule ilijaa, waliobaki walitazama dirishani. Padri alibariki maketi kwa maji ya baraka. Alikuwa na mkono mkarimu, na tone moja liliingia kwenye waya, treni ikaondoka yenyewe kabla ya hotuba. Watu walipiga makofi. Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kuacha makofi yapotee, akakata utepe haraka na kutangaza, "Leo treni imefika Masisi!" Akashangiliwa zaidi. Bibi mmoja dirishani aliuliza tiketi zinauzwa wapi.

Mhandisi alitazama ramani, akatazama meza, akatazama ramani. Nilijifanya nasafisha ng'ombe. Kisha aliangalia padri, maji ya baraka, Mheshimiwa akipigwa picha na mkono wake juu ya stesheni, na nadhani alifanya hesabu ya mtu mwenye busara. Aliikunja ramani.

"Très bien," akasema. "Plan itafuata maketi."

Na kweli ilifuata. Katika maisha yangu ya kazi ni mara ya pekee niliyoona mchoro ukisahihishwa ili ufanane na kopo la dagaa.

Papa Déo alikuwa amejitayarisha, suti na tai, amesimama karibu na maharage. Nilimwona akitafuta stesheni kwa macho. Alipoiona ng'ambo ya kijito, juu ya malisho yake mwenyewe, palipo na ng'ombe wake mwenyewe niliowanonesha kwa makusudi, uso wake ulifunguka. Alisukuma watu akafika mbele.

"Honorable, hii gare iko kwangu! Iko ku malisho yangu, chefu anajua."

Chefu wa kijiji akakubali kwa kichwa. Halafu akauliza, maana alikuwa kwenye ule mkutano wa ukoo na alikuwa hajaupenda, "Na ile shamba ya maharagi, Papa Déo? Tulisikia nayo iko yako."

"Ile?" Déo akacheka. "Ile ya majimaji? Iko ya muke ya kaka yangu. Nani anataka matope?"

"Ba ku nyuma habakusikia," nikasema, nikionyesha wale wa dirishani.

Akarudia kwa sauti kubwa. Chefu akamwomba arudie mbele ya wazee wa ukoo mmoja mmoja kwa jina, akarudia, kila mara kwa dharau zaidi. Mama Furaha alikuwa mlangoni, karibu na Pinga ya meza yangu. Aliniangalia mara moja, na kwa huo mtazamo naweza kusema nililipwa kazi yangu yote.

Baada ya ziara walikuja watu wa kupanda nguzo za saruji kuzunguka malisho ya Papa Déo. Kila nguzo iliandikwa kwamba ardhi hiyo imetengwa kwa ajili ya reli: pasilishwe, pasilimwe, pasijengwe. Ng'ombe walitolewa. Déo hakujali. Aliteuliwa chef de gare, mkuu wa stesheni, akapewa kofia yenye ukingo mweusi. Kila asubuhi alisimama katikati ya nyasi zilizokuwa zikirefuka, akitazama upande wa Sake. Watu waliopita kwa pikipiki walimsalimu, wengine walimuuliza kama treni imechelewa. Alijibu kwamba iko njiani.

Mvua zilikuja na kupita. Mheshimiwa alihama chama na kuahidi uwanja wa ndege. Hiyo maketi niliikataa, wakampa mmoja wenu, ninamhurumia. Nyasi ndani ya nguzo zilifika kiunoni na hakuna mdomo uliozigusa. Ng'ombe wa Papa Déo walitembezwa vilima vya watu, wakafukuzwa, wakakonda mpaka nikaona haya kwa wale wa udongo niliowanonesha.

Mwaka huu, nikiwa tayari nimestaafu, nilikuwa Mushaki kwa Mama Furaha, nimekwenda kumwomba maharage ya mbegu. Tulikuwa tumeketi mbele ya nyumba. Tukaona mtu akipanda njia ya kijito. Nyuma yake alivuta mbuzi, na kichwani alikuwa na kofia yenye ukingo mweusi. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu anayeomba pa kulisha huja na mbuzi kwa mwenye ardhi, akasimama nje mpaka aambiwe aketi. Papa Déo alisimama nje. Alivua kofia.

"Shemeji," akasema, "ukimaliza kuvuna, ngombe zangu zinaweza kukula mabaki mu shamba yako?"

Mama Furaha alimtazama mbuzi kwanza, meno na kwato, bila haraka. Kisha akatazama shamba lake lote, kutoka mawe ya mpakani hadi kijito.

"Karibu, Shemeji, ikala," akasema. "Maharagi ingali mabichi. Utangoja."

Akaketi, kofia magotini, akangoja.